Unaanza uhunzi na hujui uchague moto gani? Soma hii kabla hujanunua chochote

Kila anayeanza kufua chuma swali lake la kwanza ni lile lile, moto upi ni mkali zaidi, na mi nikilisikia huwa natabasamu maana na mimi nilianza na hilo hilo. Jibu ni kwamba yote inafika. Mkaa unafika, makaa ya mawe yanafika, gesi inafika, hata kuni ukizipulizia vizuri zinakufikisha. Chuma laini cha kawaida kinafulika vizuri kuanzia kama digrii 900 hadi 1,200 hivi za Selsiasi, kwa macho ni rangi ya chungwa kwenda njano, na hamna hata kimoja kati ya hivo nilivotaja kinachoshindwa kufika hapo ukikipa hewa ya kutosha. Tena mkaa tu na kifeni kidogo unaweza kupitiliza mpaka chuma kianze kurusha nyota kama fataki, na ukiziona hizo nyota ujue hiyo ncha ushaiunguza, kata tupa.

Kwahiyo ukali tuuweke pembeni kwanza. Kinachotofautisha moto na moto ni mambo mengine kabisa: kazi yako ina umbo gani, utaufanyia wapi, cha kuchoma utakipata kila wiki bila kuhangaika, na we mwenyewe una uvumilivu kiasi gani wa kuchunga moto huku unafikiria nyundo. Tuende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: andika unachotaka kufua, jiko baadae

Chukua karatasi uandike vitu vitano unavotaka kutengeneza miezi ya mwanzo. Kwa wengi inakuwa kulabu za ukutani, misumari, patasi, kisu kidogo, labda na koleo zako mwenyewe. Sasa angalia, vyote hivo unavifua kwa vipande vipande, unapasha sentimita 10 au 15, unatoa, unagonga, unarudisha, maana nondo ya mm 12 ukishaitoa motoni una kama nusu dakika tu ya kugonga kabla haijaanza kukataa, na mkono wa mgeni hauwezi kumaliza sentimita 40 ndani ya muda huo hata kama una misuli. Moto mrefu kwa kazi hizi ni hasara tupu, ile sehemu usiyoigonga inakaa tu motoni inaota magamba, yani lile ganda la chuma kilicholiwa na hewa ya moto, na kuliwa.

Jiko langu la kwanza lilikuwa nusu pipa. Nusu pipa kweli, nililipasua kwa grainda nikajaza mkaa nikasema hapa sasa nimekuwa mhunzi. Mchana mmoja gunia likaisha na nikatoka na kulabu moja, nayo imepinda upande.

Kuna kazi mbili zinazobadilisha hesabu. Ya kwanza ni visu virefu na mapanga, kuvifua haina shida maana unaenda kipande kipande kama kawaida, lakini siku ya kuvipa ugumu unataka urefu wote uwe na joto moja kwa wakati mmoja, na moto mdogo wa duara hapo unakutesa. Ya pili ni mapambo, yale maua ya geti na mikunjo ya konokono. Hapa gesi ndo inakuangusha na watu hawakwambii mapema: tanuri la gesi ni kisanduku chenye mdomo, kitu kisichopita mdomoni hakipati moto. Mi nilishawahi kukunja konokono mzuri sana upande mmoja wa nondo, nageuza nikunje upande wa pili nikagundua nahitaji kuurudisha ule wa kwanza kidogo urekebishwe, haupiti! Nikabaki nao hivo hivo. Moto wa wazi wa mkaa au makaa ya mawe hauna hiyo shida, unalaza chochote juu na kinapata moto pale tu unapotaka.

Hatua ya 2: simama pale utakapofanyia kazi uangalie kushoto, kulia, juu na chini

Kushoto na kulia ni majirani. Makaa ya mawe wakati wa kuwasha yanatoa moshi mzito wa njano kama una ukijani ndani yake, na harufu ya kiberiti, hata kama ni dakika kumi tu za mwanzo hizo dakika kumi zinatosha kukuharibia ujirani. Mkaa hauna moshi wa maana ila unarusha cheche, zile ndogo ndogo zinazoruka juu kila ukiongeza hewa, kwahiyo nguo zilizoanikwa, nyasi kavu na mapaa ya makuti havitakiwi karibu. Gesi haina moshi wala cheche ila inanguruma mfululizo, na ngurumo hiyo ikichanganyika na nyundo hata we mwenyewe utataka vizibo vya masikio.

Juu ni paa na hewa. Hapa nasema taratibu sababu watu wanakufa kwa hili: moto wowote wa kuchoma kitu unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na tanuri la gesi linaitoa nyingi tu kwasababu mara nyingi tunaliendesha na gesi ikiwa imezidi hewa kidogo ili chuma kisiote magamba. Ile dhana kwamba "gesi haina moshi kwahiyo naweza kufungia ndani" itoe kichwani leo. Unataka sehemu yenye paa la juu na pande mbili wazi hewa ipite, na kama ni chumba chenye kuta basi milango na madirisha wazi pande zinazotazamana na king'ora cha kaboni monoksaidi ukutani. Ukianza kusikia kichwa kinagonga au kichefuchefu usimalizie kipande, toka nje.

Na kivuli ni lazima. Sio kwa ajili ya starehe, ni kwa sababu rangi ya chuma huioni juani. Chuma cha digrii 800 kwenye kivuli kinaonekana chekundu kabisa, kwenye jua la mchana kinaonekana cheusi, basi mtu anaongeza moto, anaongeza, anashtuka kimeungua.

Chini: kama unawaza gesi ya mtungi, angalia kama kuna shimo, mtaro, au ngazi ya kushuka chini. Propani ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, ikivuja haipandi ikaenda zake, inatambaa chini na kukusanyika kwenye bonde lolote ikisubiri cheche. Sakafu ya mbao hapana kwa moto wowote.

Hatua ya 3: pitia kila moto kwa haki yake

Mkaa wa miti ndo mwalimu ninaempendekezea mgeni, na ntasema kwanini. Ni msafi, hauna salfa ya kuchafua chuma, unawaka haraka, hauhitaji hewa nyingi, na ukikosea hewa unaona kosa lako papo hapo kwa rangi. Ubaya wake ni mlaji. Ni mwepesi, yani ndoo nzima ya mkaa haina uzito wa maana, kwahiyo ndoo inaisha upesi, kwenye jiko langu dogo la sasa ndoo ya lita 20 inanipeleka saa moja na ushee nikiwa makini. Na haulali ukizima hewa, unaendelea kujila wenyewe taratibu wakati we uko kwenye fuawe, lile chuma la kugongea.

Nusu ya siri ya mkaa ni saizi. Vunja uwe kati ya ncha ya kidole gumba na boksi la kiberiti. Mkubwa zaidi ya hapo unaacha mapengo, hewa inapita bila kuchoma chochote inakuja kukiotesha magamba chuma chako, mdogo zaidi unaziba na ile vumbi yake inaruka kama nyota usoni. Ndio, kazi ya kuvunja mkaa inachafua na inachosha na kila mtu anairuka wiki ya kwanza, alafu wiki ya pili anarudi kuvunja. Ule mkaa wa kubana, wa matofali madogo madogo yaliyoungwa na udongo au wanga, uache, unatoa majivu mengi yanaziba bomba la hewa.

Kuni kavu za mbao ngumu zilizokatwa vipande vidogo zinafanya kazi pia, zinageuka mkaa humo humo juu ya moto, ila moshi utakula macho. Ni njia ya mtu asie na kingine, sio mbaya.

Makaa ya mawe sasa. Hapa ndo wengi wanapotelea maana wanadhani makaa ya mawe ni makaa ya mawe tu. Mhunzi anataka aina laini yenye mafuta mafuta, ambayo ikipata moto inavimba na kushikana ikawa kama keki, moshi unatoka, kinachobaki katikati ni koki, nyepesi yenye matundu, na koki ndo inayopasha chuma. Unakuwa unasukuma makaa mabichi pembeni yaokwe yakijiandaa, yakiiva unayavuta katikati, alafu unanyunyizia maji kidogo pembeni ili moto usitanuke ukala kila kitu. Ni ufundi mzuri sana na ukiuzoea hutaki kuuacha, unaweza hata kujenga kama pango dogo la makaa yaliyoshikana, chuma kinaingia ndani kama kwenye tanuri. Kwa ujazo ule ule yana nguvu kuliko mkaa kwahiyo yanadumu, na ukikata hewa yanapoa yakalala yakikusubiri.

Lakini yana salfa, na salfa ikizidi inafanya chuma kipasuke pasuke kikiwa cha moto, na kuunga vipande viwili kwa moto na nyundo kunakuwa tabu. Tena yanaacha klinka, yani majivu yaliyoyeyuka yakaganda kama kioo kizito chini juu ya tundu la hewa. Dalili yake ni moto kufifia katikati huku pembeni unawaka, unaongeza hewa na hamna kitu. Punguza hewa, subiri dakika mbili tatu igande, ingiza kijiti cha chuma chenye ndoano uitoe, inatoka donge zima. Mgeni asiejua hili anahangaika saa nzima akidhani feni imekufa. Na ile aina ngumu inayong'aa, antrasaiti, haishikani na inataka hewa muda wote, sio ya kuanzia. Koki iliyokwisha okwa kiwandani nayo ni safi haina moshi ila ukizima feni dakika chache imekufa, kwahiyo bila feni ya umeme usiifikirie.

Gesi. Watu wa mjini, watu wa muda mfupi, watu wanaorudi kazini jioni wana saa moja na nusu tu kabla ya kulala, hii ndo yenu na msione aibu. Unawasha, dakika kumi kumi na tano tanuri limeshika joto, unafua, unazima, unaondoka, hamna majivu. Joto linakuwa sawa sawa ndani na ni vigumu kuunguza chuma kwa bahati mbaya, unaweza kuacha kipande kikae wakati unatafuta koleo. Ubaya nimeshausema, umbo la kisanduku, na pia inapasha urefu mrefu hata ukitaka kipande kidogo tu.

Ukichagua gesi jua kwamba unanunua mfumo mzima: mtungi, regulata (kile kinachopunguza presha ya mtungi), mpira, vali ya kufunga haraka, bana (lile bomba linalochanganya gesi na hewa), na tanuri lenyewe. Regulata ya jiko la kupikia haitoshi kwa bana inayovuta hewa yenyewe, ile inatoa presha ndogo sana, kama milibaa 30, wakati bana ya namna hii inataka kama nusu baa hivi kupanda na kushuka, kwahiyo unatafuta regulata ya presha kubwa inayorekebishika yenye geji. Na tafadhali, usije ukasikia mtu anasema unaweza kutoa regulata ukafunga mpira moja kwa moja mtungini ukaendesha kwa kufungua kidogo kidogo. Hiyo sio njia ya mkato, hiyo ni bomu.

Ukubwa wa tanuri ndo kosa la pili la watu wa gesi. Kipimo cha mkononi cha wahunzi ni bana moja ya robo tatu inchi kwa nafasi ya ndani ya kama lita 5 na nusu hadi 6. Silinda ya upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 30 kwa ndani, sufi ikishawekwa, inakupa lita 5.3, hiyo inatosha kabisa kwa mwaka wako wa kwanza na ningekuwa we ningefanya ndogo zaidi. Ndani unaweka tabaka mbili za sufi ya kauri ya mm 25 kila moja, alafu unaipaka juu simenti ya kuhimili moto. Kupaka sio urembo: nyuzi za ile sufi zikiachwa wazi zinachanika na kuruka, na mapafu hayazipendi kabisa, kwahiyo wakati wa kuikata vaa barakoa nzuri ya vumbi na mikono mirefu. Kama utakuja kuunga chuma kwa boraksi (ule unga wa kusafisha chuma wakati wa kuunga) weka kipande cha tofali la moto sakafuni, boraksi iliyoyeyuka inaitoboa sufi kama maji ya moto kwenye barafu.

Kitu kingine kinachowashangaza wageni ni mtungi kuganda. Gesi ya ndani ni kimiminika, ikigeuka mvuke inanyonya joto la mtungi, na ukiivuta kwa kasi mtungi mdogo unapoa mpaka unatoka umande, alafu barafu, alafu presha inashuka na tanuri linalegea wakati mtungi bado una gesi nusu. Dawa ni mtungi mkubwa, au kuukalisha kwenye beseni la maji ya kawaida. Mtungi haupashwi kwa moto, hata kidogo. Na kama gesi unayouziwa ina butani nyingi, mahali pa baridi utaiona inachelewa, maana butani inachemka karibu na digrii sifuri wakati propani inachemka kwenye hasi 42.

Vilivyobaki haraka haraka. Mashine za indaksheni, zile za umeme zenye koili ya shaba, ni tamu sana, ncha inawaka ndani ya sekunde chache tu, hamna moshi, ila zinataka umeme mwingi, maji ya kupooza koili, na koili tofauti kwa kila umbo, achia siku ukiwa unauza kazi. Mtungi wa oksijeni na asetilini ni mzuri kupinda sehemu moja ndogo, lakini kwa kufua unayeyusha ngozi ya nje kabla ndani hakujaiva na gharama inakimbia. Mafuta machafu ya injini, kuna watu wanayatumia na yanawaka kweli, ila kuyarekebisha mpaka yasitoe moshi mweusi ni kazi ya fundi aliyekwishazoea moto, na moshi wake una vitu vya hovyo. Usianzie huko.

Hatua ya 4: chagua sasa, usizunguke

Una nafasi ya wazi, hujui kama uhunzi utakukaa au utauacha baada ya mwezi? Mkaa. Una nafasi, majirani wako mbali na una uhakika wa kupata makaa ya mawe ya kihunzi kila ukitaka? Anza na mkaa bado, alafu hamia makaa ya mawe kwenye jiko lile lile ukiliongezea kina kidogo na nguvu ya hewa. Una banda dogo lenye hewa ya kupita, muda mchache, na kazi yako ni visu na zana ndogo? Gesi. Unataka mapambo makubwa? Moto wa wazi, hamna mjadala.

Mi nikilazimishwa kumwambia mtu neno moja bila kumjua namwambia mkaa, sio kwa sababu ni bora, ni kwa sababu ukikosea hasara yako ni boksi la udongo na bomba, na macho yako yanakuwa yashajifunza rangi.

Hatua ya 5: jiko la boksi la udongo, la kuanzia kesho

Tengeneza boksi la mbao au bati, urefu kama sentimita 60, upana 40, kina 25. Weka kwenye stuli au matofali liwe usawa wa juu ya fuawe yako, kiuno chako kitakushukuru. Toboa upande mmoja upitishe bomba la chuma tupu lenye tundu la kama mm 20 hadi 25, likae usawa, mdomo wake ufike katikati. Nasema chuma tupu maana bomba lililopakwa zinki likipata moto zinki inachemka kwenye digrii 907 na moshi wake mweupe unaleta homa mbaya ya usiku mzima, na hilo hilo ni kwa boliti na mabati yoyote utakayotaka kufua, yenye zinki hayaingii motoni.

Jaza udongo wenye mfinyanzi ulioloweshwa kidogo tu, shindilia, alafu chimba bakuli mbele ya mdomo wa bomba, upana kama sentimita 15 juu, chini yake ishuke sentimita mbili tatu kupita bomba ili majivu yapate pa kukaa. Juu, kushoto na kulia, laza matofali mawili kama kuta ndogo za kuushika mkaa. Kutoka bomba hadi pale chuma kitakapolala iwe kama sentimita 10. Acha likauke siku mbili, au washa kamoto kadogo ka kulikausha. Zege la kawaida na mawe ya mtoni usiweke karibu na moto, yana maji ndani, yakipata joto la ghafla yanapasuka na kurusha vipande.

Hewa sasa, na hapa usiwe bahili wa akili. Drai ya nywele ya zamani inatosha na kuzidi, tena shida yake ni hiyo kuzidi. Iweke kwenye hewa ya baridi, iwe mbali na moto angalau nusu mita kwa bomba refu maana ni plastiki, na usiibane na bomba. Acha nafasi kati ya mdomo wa drai na bomba, ukitaka hewa kidogo unaigeuza ielekee pembeni, ukitaka nyingi unainyoosha. Kwa njia hiyo una gia zote bila kununua vali. Mvukuto wa mkono au feni ya kuzungusha ni bora zaidi kwa kujifunza kwa sababu ukiacha kuzungusha moto unatulia, mkaa hauishi upesi, na hutasahau chuma ndani.

Ukija kuhamia makaa ya mawe kwa jiko linalopulizwa kutokea chini kumbuka hili moja: ukizima hewa baada ya kumwaga makaa mabichi, gesi yao inaweza kurudi kwenye bomba, na ukiwasha feni tena ikalipuka bomu dogo ndani. Acha kifuniko cha majivu wazi kila unapozima feni.

Hatua ya 6: washa, jaribu, rekebisha

Miwani ya usalama, nguo za pamba, viatu vya kufunika. Nailoni inayeyuka ikashika ngozi, usivae. Ndoo ya maji na ndoo ya mchanga karibu.

Kwa mkaa: washa karatasi na vijiti, mkaa kidogo juu, hewa kidogo kabisa, ukishika jaza mpaka juu ya matofali. Laza nondo ya mm 10 au 12 ikiwa mlalo katikati ya rundo na mkaa mwingine juu yake. Usiichomeke kuelekea chini kwenye mdomo wa bomba, pale chini oksijeni bado mbichi haijaliwa na mkaa, chuma kinaungua au kinajaa magamba. Ikifika chungwa ndani ya dakika chache, uko sawa. Ikibaki nyekundu tu, mkaa ni mkubwa mno au rundo ni fupi, ongeza kimo kabla hujaongeza hewa. Ikitoka na magamba manene yanayobanduka kama gome, hewa imezidi. Ikitoa nyota, punguza hewa na acha kuangalia simu.

Kwa gesi: pima viungo vyote kwa povu la sabuni kwanza, kila mara unapobadili mtungi. Weka moto kwanza mdomoni mwa tanuri, ndipo ufungue gesi, kamwe usianze gesi alafu ndo utafute kiberiti, na usisimame mbele ya mdomo. Ulimi mdogo wa moto ukitoka nje ya mdomo ni sawa, ukitoka mrefu unarambaramba gesi ni nyingi au hewa imebanwa, usipotoka kabisa na chuma kinaota magamba basi hewa imezidi. Wakati wa kuzima funga mtungini kwanza, acha iliyobaki kwenye mpira iishe kuungua, ndipo ufunge vali.

Fanya zoezi moja mara tano kabla ya kutengeneza kitu chochote: pasha, toa, taja rangi kwa sauti, gusisha sumaku inayoning'inia kwenye waya. Kwenye digrii kama 770 sumaku inaacha kushika, na ukilinganisha ile rangi na sumaku mara kadhaa jicho lako linapata alama ya kudumu, itakusaidia sana siku ya kukipa kisu ugumu.

Ukimaliza siku, mkaa uliobaki usiumwagie maji, udongo wa jiko utapasuka na mkaa utakuwa matope. Uchote kwa kijiko cha chuma uutie kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, ufe kwa kukosa hewa, kesho yake huo ndo unaoshika moto upesi kuliko mpya. Debe lilale nje.